Ngurumo Isiyosikika: Kisa cha Safari ya Kayaki kwenda Maporomokoni

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya waongoza wageni, mameneja wa loji na yeyote anayepanga michezo ya majini na matembezi ya msituni kwa watu asiowafahamu. Niliitwa kukipitia wiki mbili baada ya kutokea. Nilizungumza na waongozaji wote wawili, meneja, mhudumu wa mapokezi na wageni wanne kati ya tisa. Majina ya loji, ya ziwa na ya wahusika nimeyaacha, na mambo madogo yasiyogusa hoja nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Niseme mapema kwamba mwongozaji mkuu wa siku hiyo ni mtu hodari. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu visa vya namna hii kwa kawaida husomwa kwa jicho la kumtafuta mzembe, na msomaji anayemtafuta mzembe hapa atakikosa cha kujifunza.

Mandhari na mpango

Loji iko kwenye ukingo wa hori, yaani mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu, na mgongo wake umeegemea msitu wa mvua unaopanda mlima. Upande wa pili wa hori, kilomita 1.8 kwa maji, kuna ufuo mdogo wa kokoto, na kutoka hapo njia ya miguu ya dakika 25 inaingia msituni hadi kwenye maporomoko. Mdomo wa hori unafunguka kwenye ziwa kuu.

Shughuli za loji ni zile zinazotarajiwa mahali kama hapo: kayaki, kuogelea, uvuvi wa ndoano, kutazama ndege, matembezi ya msituni, na boti ya machweo. Safari ya maporomokoni ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa kuwa inaunganisha ziwa na msitu kwa asubuhi moja. Ratiba yake ilikuwa: kuondoka saa 1:30 asubuhi, kurudi kabla ya saa 4:30.

Saa hizo hazikupangwa kwa bahati. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo mwepesi hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani, na maji ya hori hulala kama kitambaa. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, upepo hugeuka na kuvuma kutoka majini, hewa yenye unyevu inapandishwa mlima, na mawingu ya radi hujengeka. Katika hori hili saa mbaya huanza karibu na adhuhuri. (Hii si kanuni ya kila ziwa. Ziwa Victoria, kwa mfano, dhoruba nyingi za juu ya maji huja usiku hadi alfajiri. Anayehamia loji mpya aanze kwa kuwauliza wavuvi wa hapo, asije na saa za ziwa alikotoka.)

Wageni walikuwa tisa: familia ya baba, mama, binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9, wanandoa wastaafu, na marafiki watatu. Waongozaji walikuwa wawili, mkuu katika kayaki ya mtu mmoja, na msaidizi wake nyuma. Zilikuwepo kayaki tano za watu wawili wawili.

Siku mbili kabla ya hapo mvua ilinyesha mfululizo. Njia kuu ya msituni ilifungwa kwa mti ulioanguka. Wageni walikuwa wamekaa barazani siku mbili nzima wakicheza karata na kutazama maji yakidondoka kwenye makuti.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulifunika hori. Mwongozaji mkuu alikataa kuondoka hadi upande wa pili uonekane, na alikuwa sahihi. Ukungu uliinuka saa 2:30 hivi. Yule bibi mstaafu alimfuata gatini akamwuliza, "Kaka, leo kweli tutafika?" Akamjibu, "Leo tunafika, mama." Baada ya chai, kugawa majaketi okozi na kumsubiri rafiki mmoja aliyerudi chumbani kuchukua kamera, waliondoka saa 3:30. Wamechelewa saa mbili kamili.

Boti ya injini ya loji, ambayo kwa kawaida husimama gatini kwa ajili ya uokoaji, ilikuwa imetumwa kuwapokea wageni wapya ng'ambo na ingerudi saa 7 mchana.

Walivuka bila shida. Saa 4:15 walipanda ufuoni, na saa 4:45 walikuwa maporomokoni. Watu waliocheka kidogo kwa siku mbili walicheka sana hapo. Waliogelea kwenye bwawa, mvulana akajifunza kuruka kutoka kwenye jiwe la chini, na hakuna aliyetaka kuondoka. Waliondoka saa 5:45.

Saa 6:15 walipotokeza ufuoni, mwongozaji mkuu aliona mbingu kwa mara ya kwanza tangu saa nne. Juu ya mlima, nyuma yao, wingu jeusi lilikuwa limesimama, kichwa chake kimetandazika. Ziwa mbele yao lilikuwa shwari bado.

Aliwaza kwa dakika zisizozidi tano. Wale wastaafu walikuwa na usafiri wa kuondoka saa 8. Ufuo haukuwa na kibanda. Kijito kinachotoka maporomokoni kilikuwa kimeanza kubadilika rangi, kutoka uwazi kwenda rangi ya chai ya maziwa, na majani mabichi yalikuwa yakielea juu yake, maana yake mvua imeshaanza kunyesha juu mlimani. Alihesabu kwamba watavuka kwa dakika 35. Wakaingia majini saa 6:25.

Wakiwa katikati, upepo wa baridi uliwapiga mgongoni. Msaidizi aliniambia, "Nilihisi shingo imepoa ghafla, kama mtu amefungua friji nyuma yangu." Ndiyo hewa iliyoshuka na mvua kutoka winguni, ikifika chini hutawanyika kwa kasi na kuitangulia mvua yenyewe. Dakika mbili baadaye mawimbi yalikuwa yakivunjika, na kayaki zote zilikuwa zinasukumwa mshazari kuelekea mdomo wa hori.

Kayaki ya mama na mvulana ilipinduka kwanza. Ya wastaafu ikafuata. Mwongozaji mkuu alipuliza filimbi mara tatu, akageuka kuwafuata. Kayaki ya marafiki wawili, iliyokuwa mbele, aliiashiria ielekee kwenye mwamba ulio karibu. Baba, aliyekuwa na binti yake mbele, alianza kugeuza kumrudia mkewe. Mwongozaji alimpigia kelele: "Baba, mpeleke binti mwambani! Hawa ninao mimi!" Baba alisita, kisha akaenda.

Mvulana alikuwa amevaa jaketi la mtu mzima. Lilipanda hadi masikioni, mwili ukabaki chini, na kidevu chake ndicho kilichomzuia asichomoke. Mama alikuwa ameshika mikanda ya mabega kwa mikono miwili, akimvuta jaketi chini badala ya kujishika yeye mwenyewe kwenye kayaki. Mwongozaji alimpandisha mvulana kifudifudi juu ya pua ya kayaki yake. Msaidizi na rafiki wa tatu walisogeza kayaki yao ubavuni, wakazishika pamoja. Wastaafu walining'inia kwenye kayaki yao iliyopinduka, kama walivyofundishwa asubuhi.

Redio ya mkononi ilifanya kazi. Mwongozaji aliita mara tatu. Redio ya loji ilikuwa mezani mapokezini, na mhudumu alikuwa ameitwa jikoni kusaidia chakula cha mchana. Aliyesikia filimbi ni wavuvi wawili waliokuwa wamejibanza nyuma ya mwamba kungoja upepo upite. Walikuja na mtumbwi wao wa injini. Waliopinduka walikuwa wamekaa majini dakika 25 hivi.

Matokeo

Wote walifika wazima. Mvulana alitetemeka mfululizo, midomo imekuwa ya zambarau, ingawa maji ya ziwa hilo ni ya vuguvugu. Hili huwashangaza wengi, lakini maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo huunyang'anya mwili joto upesi, na mtoto mwembamba hupoa haraka. Kwa kuwa alimeza maji na aliendelea kukohoa, alipelekwa hospitali akaangaliwa usiku mmoja. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwani shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baada ya mtu kuonekana amepona. Mzee mstaafu aliumia bega alipolidaka gamba la kayaki.

Meneja alitaka kumfukuza mwongozaji siku hiyohiyo. Mwenye loji alimwomba asubiri uchunguzi. Familia ilirudishiwa fedha zake, na mama aliandika barua ambayo nimeruhusiwa kutaja sehemu moja tu ya maana yake: hakulaumu dhoruba, aliuliza nani alimvalisha mwanawe jaketi lile.

Uchambuzi

Kilichookoa maisha

Baada ya mambo kuharibika, waongozaji walifanya karibu kila kitu inavyotakiwa. Asubuhi waliwafundisha wageni wasiiache kayaki ikipinduka, na wastaafu wakakumbuka. Mkuu aliwagawa watu kwa haraka: wanaoweza kujitoa wajitoe, wasioweza wafuatwe. Uamuzi wa kumwamuru baba aende na binti ulikuwa mgumu kuliko wote, na bila huo tungekuwa na kayaki ya tatu majini. Waliunganisha kayaki zikawa jukwaa moja. Walihesabu watu kwa sauti mara tatu. Haya hayaji yenyewe. Wawili hawa walikuwa wameyafanyia mazoezi.

Saa iliyosogea

Mazoezi hayo yote yalikuwa ya kuokoa. Hakuna aliyekuwa amefanya mazoezi ya kusema "leo hatuendi."

Kungoja ukungu kulikuwa sahihi. Kosa ni kwamba saa ya kuondoka ilisogea, na saa ya kurudi ikasogea nayo kimyakimya. Ratiba ya saa 1:30 hadi 4:30 haikuwa urefu wa safari wa saa tatu unaoweza kuwekwa popote mchana. Ilikuwa dirisha, na dirisha lina mwisho usiohama. Ukiondoka saa 3:30, safari ya maporomokoni haipo tena. Iliyopo ni saa moja ya kupiga kafi kandokando ya ufuo wa loji. Nilipomwuliza mkuu kama aliliwaza hilo, alijibu bila kujitetea: "Nililiwaza. Lakini ningewapa nini?"

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa. Kwenye karatasi alikuwa na mamlaka kamili ya kuahirisha. Kitabu cha loji kinasema hivyo wazi. Lakini nyuma ya mamlaka hayo hapakuwa na kitu cha kuwapa wageni waliokaa barazani siku mbili. Njia ya msitu imefungwa, boti haipo, karata wamezichoka. Kumwambia mtu "hapana" huku mikono yako mitupu ni kazi ambayo watu wachache huiweza mara moja, na hakuna anayeiweza kila wiki. Alikuwa amebaki na ziwa tu, akawapa ziwa.

Na hapa loji nzima inahusika. Msitu wa mvua wa kitropiki kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hapo ni hali ya kawaida ya mahali. Kuwa na shughuli saba za siku ya jua na sufuri ya siku ya mvua ni kupanga kana kwamba loji imejengwa jangwani. Tena mvua ikipita, msitu ndipo unapokuwa tajiri: vyura wanaita, uyoga unachomoza kwenye magogo usiku mmoja, konokono wanapanda juu ya majani. Mgeni akionyeshwa haya na mtu anayeyapenda, hatajiona amepewa makombo.

Maporomoko yalimeza ngurumo

Kanuni ya radi waliifahamu wote wawili. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, toka majini na ujikinge, na usirudi kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho. Wangeitumia, iwapo wangesikia.

Nilikwenda mwenyewe nikasimama pale bwawani. Ukiwa hatua kumi kutoka kwenye maji yanayoanguka, unalazimika kumsemea mtu sikioni. Juu, majani yamefunga kiasi kwamba mbingu inaonekana kama vipande vya kioo. Kwa karibu saa mbili, kuanzia wanaingia msituni mpaka wanatoka, kundi halikuwa na jicho wala sikio la hali ya hewa, na ndizo saa mbili wingu lilipokuwa likijengeka. Waongozaji wote wawili walikuwa ndani. Laiti msaidizi angebaki ufuoni na kayaki, angeliona wingu mapema na kupanda kuwaita.

Dakika tano za ufuoni

Wengi niliowasimulia kisa hiki husema, "Angengoja tu." Si rahisi hivyo. Maji ya kijito yakibadilika rangi na kuleta majani mabichi, mafuriko ya ghafla yanaweza kuwa nyuma ya kona, na ufuo ule ni mdomo wa kijito hichohicho. Kujibanza chini ya miti mirefu katika upepo wa dhoruba kuna hatari zake, za radi na za matawi. Lakini kati ya mabaya hayo, maji ya wazi ndiyo mabaya zaidi: juu ya ziwa kichwa cha mpiga kafi ndicho kitu kirefu kuliko vyote, na hakuna pa kwenda. Nionavyo mimi, alipaswa kuwapandisha mita mia moja mbali na kijito, kwenye miti mifupi iliyolingana urefu, awaketishe wakiwa wametengana, na asahau kabisa usafiri wa saa 8. Nasema hivyo nikiwa nimeketi mezani, na nimepata wiki mbili za kuwaza alichokiamua kwa dakika tano.

Usafiri ule wa saa 8 ulikuwa na uzito kuliko alivyojua. Alikiri kwamba alipotazama saa, hakutazama tena wingu.

Jaketi

Loji ilikuwa na majaketi 20 ya watu wazima, ya saizi mbili: kubwa na ya wastani. Ya watoto yalikuwa manne, na matatu yalikuwa yamekatika mikanda na kupelekwa kushonwa. La nne lilikuwa dogo mno kwa mvulana wa miaka 9. Msaidizi alimvalisha la wastani na kukaza mikanda yote. Kwa macho, lilimkaa.

Jaketi halipimwi kwa macho. Mshike aliyelivaa kwenye mabega ya jaketi, umnyanyue kwa nguvu juu. Likipita masikio, halimfai. Kwa mtoto, mkanda wa kupita katikati ya miguu ndio unaolizuia kupanda, na jaketi hilo halikuwa nao. Zaidi ya hapo, majaketi yote yalikuwa ya nguvu ya kuelea ya nyutoni 50, ambayo ni ya watu wanaojua kuogelea na walio karibu na msaada. Hayakugeuzi uso juu ukizimia. Ya nyutoni 100 na kuendelea ndiyo yaliyotengenezwa kumgeuza mtu ili uso wake ukae juu. Mtoto asiyejua kuogelea vizuri, katikati ya hori, bila boti ya uokoaji, hakuwa katika masharti ambayo jaketi lile liliundwa kwayo. Safari ya mvulana huyu ilipaswa kuishia gatini, kwa sababu hii peke yake, hata kama mbingu ingekuwa nyeupe.

Redio na boti

Hapa sina mengi. Redio isiyo na mtu ni kipande cha plastiki. Boti ya uokoaji iliyotumwa kupokea wageni si boti ya uokoaji. Loji ilivihesabu vyote viwili kwenye orodha ya vifaa vya usalama, na orodha ilikuwa kweli kila siku isipokuwa siku hiyo.

Mabadiliko, na jaribio la kwanza

Mwongozaji hakufukuzwa. Loji ilinunua majaketi ya watoto yenye mikanda ya miguuni. Boti ikiondoka, kayaki hazivuki hori. Redio inavaliwa kiunoni na mtu mwenye jina lake kwenye ubao, na hapangiwi kazi nyingine hadi kundi lirudi. Msaidizi hubaki ufuoni. Saa 2:00 asubuhi ikipita kundi halijaondoka, safari ya maporomokoni imefutwa siku hiyo bila mtu kuuliza.

Kubwa zaidi, kila jioni mwongozaji mkuu huandaa shughuli mbili kwa kesho yake, ya pili ikiwa ya mvua, na vifaa vyake huwekwa tayari usiku huohuo. Walijenga kibanda chenye paa cha kutazamia ndege, dakika tano tu kutoka kwenye baraza. Walitandika njia fupi ya mbao kwa ajili ya matembezi ya vyura baada ya chakula cha usiku. Walipunguza bei ya kayaki ya ufuoni na kuacha kuiita mbadala.

Jaribio lilikuja mwezi uliofuata. Ukungu uliganda mpaka saa 2:20. Mwongozaji yuleyule alifuta safari, akawapeleka wageni kwenye kibanda cha ndege. Mgeni mmoja alikasirika, akalalamika kwa meneja kwamba amekuja kutoka mbali kwa ajili ya maporomoko. Mchana ukafika, adhuhuri ikapita, na ziwa likabaki shwari mpaka jua linazama. Hakuna wingu lililosimama mlimani siku ile.

Mwongozaji aliniambia kwamba jioni hiyo aliogopa kuliko siku ya dhoruba. Alikaa gatini akitazama maji yaliyotulia, akisubiri kuitwa ofisini. Meneja alikuja mwenyewe, akaketi kando yake, akafungua daftari la safari kwenye ukurasa wa siku hiyo. Chini ya neno "imefutwa" alikuwa ameandika: "Uamuzi sahihi," na kutia sahihi yake. Kisha akamwuliza kesho ya mvua ameandaa nini.